Yah: Programu Yenu Kuninyima Mke Mbele ya Mama Yangu

Studio ya Picha na Video,
Nyuma ya pazia la fundi Twaha,
Nyamugari, Gitega.

Kwa Idara ya Msaada kwa Wateja,
na kwa mkubwa wao yeyote atakayekuwa bado yuko ofisini.

Ndugu Wahusika,

Natumaini barua hii inawakuta salama, ninyi na mitambo yenu. Mimi ni mzima, isipokuwa sina mke, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Naitwa Nazario. Programu yenu ya kuhariri video ninaitumia tangu niliporudi Burundi kutoka Tanzania, nilikokulia. Sikuisomea popote. Nilijifunza kwa kubonyeza kila kitu na kusikiliza kipi kinalia. Hapa Nyamugari ninagawana chumba kimoja na fundi cherehani, Twaha: upande wake vitambaa, upande wangu kompyuta, katikati pazia. Anayekuja kushonesha suti ya harusi anaondoka akijua nani atampiga video, na anayekuja kwangu anaambiwa kwamba suti yake itamwaibisha kwenye picha. Kwa njia hii tumehudumia maharusi wengi, na wote walikuwa maharusi wa watu wengine. Sikuwahi kulalamika.

Safari hii bwana harusi ni mimi.

Mwezi uliopita ukoo wangu ulitoka kwetu Buraza ukaenda Gashoho, huko Muyinga, kumposa Upendo. Kamera niliisimamisha juu ya miguu yake mitatu, nikaiwasha, kisha nikaenda kukaa kwenye kiti cha mwoaji kwa uso wa mtu asiyejua kamera iko wapi. Sijui kama huko kwenu mnaposa, kwa hiyo nitaeleza. Kwanza anasimama msemaji wa waoaji, ambaye kwetu alikuwa mjomba wangu Sebastiani, anaeleza kwa maneno marefu kwamba tumeona ua zuri ndani ya boma hili. Kisha anasimama msemaji wa wenye binti, Mzee Kastori, anakataa. Ni lazima akatae. Asipokataa watu watajiuliza binti ana kasoro gani. Anasema hapa hatuna msichana, labda mjaribu kilima kinachofuata. Watu wanacheka, unarudishwa mtungi wa impeke, pombe yetu ya mtama, ulioonjwa wageni walipofika, mirija inachomekwa, wazee wanainama. Wakiinuka, Mzee Kastori anasimama tena na kusema neno moja: tumewapa. Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwepo, na nilipewa. Baba yake Upendo amefurahi kiasi kwamba ameanza hata kufyatua matofali nyuma ya nyumba yake, nadhani ya ghala la maharage.

Mama yangu, Ursula, hakwenda Gashoho kwa sababu ya goti. Alisema atatoa ruhusa ya harusi siku atakayoliona jibu la wakwe kwa macho yake mwenyewe. Nikamwahidi video nzuri. Akasema nzuri hataki.

Hapo ana sababu, na mnahusika. Dada yangu Lucia alipoolewa, mvua ilinyesha mpaka hema likailalia keki. Mimi, kwa msaada wenu, niliiondoa mvua yote. Mama alipoitazama video ile akasema, "Siku ile nililowa mpaka kwenye mifupa. Hapa niko mkavu. Huyu si mimi." Tangu siku hiyo kazi ninayoimaliza anaiita ya kupikwa. Ya posa akaitaka mbichi, jinsi ilivyoingia kwenye mashine, aitazame ndani ya programu yenyewe, bila mimi kukata wala kubandika. "Mashine haina ndugu," alisema. "Wewe unao."

Basi nikabeba kompyuta yangu mgongoni, nikapanda pikipiki hadi Buraza, nikaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa mbele ya nyumba. Umeme hakuna, ilikuwa inakula betri yake. Majirani walikuwa wameshakaa, waliokosa viti wakasimama, na Mama akawekwa mbele na goti lake juu ya kigoda. Yaliyofuata nayapanga kwa namba ili msiseme hamkuyaona.

1. Programu yenu ilimlevya mjomba wangu. Picha ilianza vizuri, kisha ikawa na kwikwi, kisha ikaganda kabisa Mjomba Sebastiani akiwa ameinama na mrija mdomoni, akiuonja mtungi tulipowasili. Sauti haikuganda. Iliendelea na hotuba, salamu, wimbo wa akina mama wa Gashoho na tangazo la mtu aliyeegesha baiskeli vibaya. Katika muda wote huo Mjomba alikuwa bado ananyonya. Mama alitazama mpaka akachoka, akasema kaka yake ameumaliza mtungi wa ukoo mzima peke yake, ugenini. Mjomba mwenyewe alikuwepo hapo uwanjani, shahidi wangu mkubwa, mtu pekee wa upande wetu aliyesikia jibu akiwa karibu na mdomo uliolisema. Sasa hakuna anayetaka ushahidi wake. Na la ajabu, hata hakujitetea. Alisema inawezekana kweli alilewa, na kwamba kuanzia mtungi wa pili hakumbuki alisema nini. Mtu mzima mwenye heshima zake, mmemfanya akiri asiyoyatenda.

2. Programu yenu ilichekesha watu kabla ya wakati. Picha ilipoamka ilikuwa imeachwa nyuma na sauti. Mjomba anasimama kwenye picha, hajafungua mdomo, na Gashoho nzima tayari inacheka. Anapomaliza kusema utani wake, kimya. Mama akaniuliza wanacheka nini. Nikamwambia wanacheka utani. Akauliza utani uko wapi. Nikamwambia unakuja. Akasema, "Wanacheka koti la kaka yangu." Koti hilo alilishona Twaha. Kwa hiyo hapo mmeharibu biashara mbili.

3. Sasa nafika penye kidonda. Zamu ya Mzee Kastori ilipofika, sauti ilisema, wazi kabisa, "Hapa hatuna msichana, labda mjaribu kilima kinachofuata." Lakini kwenye picha Mzee Kastori alikuwa amefunga mdomo, anajikuna sikio. Kila mtu aliona. Neno lile halikutoka kwake, lilitoka kwenye kompyuta. Kisha badala ya kwenda mbele, programu ikarudi nyuma, ikasema tena. Halafu tena. Upande wa chini wa kioo kuna kitufe chenye mshale unaojizungusha, na kilikuwa kimewaka. Sijui nani alikiwasha na simtaji mtu. Katika uwanja ule palikuwa na watoto, kuku na mimi. Ninachojua ni kwamba Mzee Kastori alinikatalia mara moja, kwa adabu, akitabasamu. Ninyi mlinikatalia mpaka majirani wakaanza kuitikia. Ilipofika "labda mjaribu," uwanja mzima ulikuwa ukimalizia "kilima kinachofuata."

4. Nilipofanikiwa kuivusha pale, nikamwambia Mama ajiandae, jibu linakuja. Akajifunga kitenge vizuri. Kioo kikawa chekundu. Chekundu chote, na maandishi meupe ya lugha nyingi sana. Nilihesabu lugha ambazo sizijui nikaacha. Kiswahili hakikuwepo, Kirundi hakikuwepo. Akaitwa Elikana, mwalimu wa kanisa, ambaye anasoma Kifaransa. Alisogea, akavaa miwani, akasoma kimoyomoyo, akavua miwani. Akasema imeandikwa kwamba kitu kilichotakiwa kuwa hapa hakipo. Mama akauliza ni kitu gani kilitakiwa kuwa hapa. Nikajibu, kwa sababu sijazoea kumdanganya ana kwa ana, kwamba hapa lilitakiwa kuwa jibu.

"Basi wamesema vizuri," Mama akasema. "Halipo."

Ndugu Wahusika, nimewahi kuona watu wakinyimwa mke kwa hasira, kwa masharti, hata kwa kufungiwa mlango. Kwa rangi nyekundu na kwa lugha zote za dunia, nadhani ni mimi wa kwanza.

5. Sikukata tamaa. Nilipanda mpaka juu penye mtandao, nikafungua kurasa zenu za msaada kwenye simu, simu ikanitafsiria. Nazishukuru, zina upole. Ziliniambia nizime programu niwashe tena. Nikashuka, nikafanya. Ziliniambia nifute takataka zilizojificha ndani. Nikafuta, na wasiwasi nilionao mpaka leo ni kujua zilikuwa takataka za nani. Ziliniambia kwamba onyesho likikwama nishushe ubora wa picha uwe robo. Nikashusha. Nikaianzisha upya, na hapo ndipo Upendo akaingia kwenye picha, akipita nyuma ya wageni, kwa mara ya kwanza mbele ya mama mkwe wake, akiwa vipande vya mraba. Mama alisogeza uso, akarudisha uso. Aliuliza, kwa sauti ya chini ili asiniaibishe, kama hivi viraka ndivyo mkamwana. Mtu wa nyuma akasema labda ni pazia. Upendo ni msichana mzuri. Ana mwanya. Kwenye robo yenu mwanya ulikuwa na ukubwa wa dirisha.

6. Nikapanda tena juu. Mwishoni mwa ukurasa mliuliza: Je, maelezo haya yamekusaidia? Nikabonyeza hapana. Mkajibu: Asante. Hapo nilikaa chini kwenye majani nikafikiri. Mtu anayekunyima kitu kisha akakushukuru kwa kuja, huyo namfahamu. Huyo ni mkwe.

Na hapo, Ndugu Wahusika, ndipo ninapotaka tuelewane, maana nimelitafakari jambo hili nikiwa nyuma ya pazia, na kila nikiligeuza linaangukia miguu ileile. Katika posa kuna pande mbili tu. Kuna wanaoomba na kuna wanaokataa. Aliyekataa, kwa mila zetu, ni ndugu wa binti, hawezi kuwa mwingine. Neno la kukataa lilitoka kwenye programu yenu, mdomo wa Mzee Kastori ukiwa umefungwa, mbele ya mashahidi wengi, kuku bila kuwahesabu. Kwa hiyo ninyi ni upande wa Upendo. Kwa hiyo ninyi ni wakwe zangu. Sikulitafuta hili, lakini sasa limeshatokea, na mimi si mtu wa kukimbia undugu.

Tena ninyi ni wakwe mliokataa bila kunywa. Mila hairuhusu. Anayekataa lazima aletewe mtungi, ainame, anywe, ainuke, akubali. Mmebaki mmesimama katikati ya kukataa kama watu waliosahau kwa nini walisimama. Ninawaombea radhi kwa wazee, nimewaambia hamkulelewa huku.

Ninachoomba ni hiki. Mtaje kilima mnachokaa, ili ukoo wa Buraza uje na mtungi kuwaposa upya. Kama safari ni ndefu, njooni ninyi. Mkutane kwanza, mchague msemaji wenu, mtu mwenye sauti inayokwenda pamoja na mdomo wake, na mumpe ruhusa ya kukubali. Tutampokea vizuri, tutampa mrija wake. Asije na kurasa za msaada. Baada ya hapo, katika toleo lenu lijalo, pale mlipoweka kitufe cha kurudia, ongezeni kingine cha kukubali, kiwe kikubwa.

Fanyeni haraka, na sababu yake ni ndizi. Mama alikuwa ameshafukia mikungu shimoni iive, kwa ajili ya pombe ya harusi yangu. Hakuifukua. Alisema tu kwamba ndizi hazisubiri mashine. Kama zitaiva kabla hajaliona jibu, pombe itakwenda kwenye sherehe ya mtoto wa Elikana, na mimi nitafute kilima kinachofuata. Nimempigia Upendo kumweleza. Akasema, "Nazario, mimi nipo. Mwambie Mama mimi nipo." Nikamwambia Mama. Mama akasema msichana kuwepo ni jambo zuri, ila anayetoa jibu ni wazee wake, na wazee wake ni wekundu.

Kwa hiyo kila mnapotengeneza hizo kwikwi zenu huko, kumbukeni kuna mtu mmoja mwenye mwanya, Gashoho, anayengoja, na mwingine nyuma ya pazia asiyeweza hata kula ndizi mbivu sokoni bila kushtuka.

Msalimieni aliyeandika "Asante." Msalimieni yule aliyechagua rangi nyekundu, mwambieni sina kinyongo, ila bluu ingetosha. Wasalimieni wote waliotafsiri zile lugha, na mtu atakayekuja kutafsiri Kirundi anakaribishwa chakula. Twaha anawasalimu na anasema koti halikuwa na tatizo lolote.

Ni mimi, anayesubiri jibu lenu kuliko mteja yeyote mliye naye,

Nazario
Mhariri wa video, na mkwe wenu kwa nguvu za mazingira.

Nyongeza.

Barua hii nilikuwa nimeshaifunga. Asubuhi hii Twaha alikuwa akikata suti, akapitisha mkono upande wangu wa pazia na kitu kidogo cheusi. "We Nazario, hii kitu iko ya nani? Iko chini ya vitambaa tangu kitambo, mi nilikuwa naikandamizia kitambaa kisitembee." Ilikuwa diski yangu ya nje. Kumbe nusu ya pili ya posa ilikuwa humo, na wakati programu yenu inawatangazia watu wa Buraza kwamba kitu hakipo, kitu kilikuwa Nyamugari kikizuia kitambaa. Hili halibadilishi msimamo wangu. Mngeweza kusema tu kwamba nimekisahau.

Nikaichomeka, na kompyuta nikaichomeka kwenye umeme wa Twaha, naye akazima pasi. Wekundu ukaondoka. Kwikwi hakuna, sauti na mdomo vinatembea pamoja kama mtu na mkewe. Mzee Kastori akasimama, akasema, "Tumewapa." Twaha akapiga makofi. Mimi, sitawaficha, niliangalia pembeni kidogo.

Lakini haikusimama. Iliendelea, laini, kama haijawahi kukwama tangu izaliwe. Wakati huo siku ya posa mimi nilikuwa nje, nasaidia kubeba mtungi wa pili, sikusikia. Mjomba Sebastiani anainuka, anafuta midomo, anakohoa, na kwa sauti safi kabisa anasema kwamba kwa shukrani yetu, watoto hawa hawatakaa Buraza. Watajenga na kuishi hapahapa Gashoho, karibu na mama yake Upendo. Na kwamba maneno haya ametumwa ayaseme na dada yake Ursula mwenyewe. Gashoho inashangilia. Baba yake Upendo anaonekana nyuma akipima uwanja kwa hatua.

Matofali yale si ya ghala la maharage.

Mama hakumtuma hilo. Amenilea kwa kuniambia siku zote kwamba mkamwana wake atalala karibu kiasi cha kusikia akikohoa. Nilikaa. Twaha akaniambia taratibu, "Mi naweza kuirudisha chini ya vitambaa, hakuna mtu atajua." Ni rafiki wa kweli. Lakini nikiiacha diski nanyimwa mke, na nikiibeba Mama atakwenda mwenyewe Gashoho, goti na vyote, kuvunja posa kwa mikono yake. Msinishauri nikate. Nikikata ataijua ni ya kupikwa kabla sijaiwasha. Mtu anayeweza kukata bila kushukiwa ni mashine peke yake.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote sita myaweke pembeni. Kosa msiliondoe. Nililidharau bila kulifahamu, ni kosa zuri, sema tu lilikaa mahali pabaya. Naomba mlisogeze mbele kidogo. Liache Mzee Kastori aseme neno lake lote na Mama apige vigelegele. Kisha, Mjomba atakapoanza kukohoa, leteni wekundu. Leteni na lugha zote, Mama ameshazizoea, na Elikana atasoma tena kwamba kitu hakipo, na safari hii nitafurahi sana kusikia hivyo. Ya Gashoho nitamweleza mwenyewe, polepole, nikishaoa.

Ni Jumapili hii, baada ya ibada. Ndizi zimeanza kunukia. Mama anaamini mashine haina ndugu. Nawaomba, kwa siku moja tu, iwe nao.